Mti Ukifa, Kumbukumbu Ziende Wapi?



Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana dogo, nalo ni miti inayokufa katika viwanja vyetu na yale tunayoyatenda kwa magogo yake. Hatuzungumzii miti yote. Tunazungumzia ile miti ambayo watu wana habari nayo: mwembe uliopandwa na babu alipozaliwa mjukuu wake wa kwanza, mkuyu ambao chini yake wazee waliamua mashauri, mgomba au mti uliozikiwa kitovu cha mtoto, mwarobaini ambao kivuli chake kilikuwa darasa kabla darasa halijajengwa. Mti wa namna hiyo ukikauka, au ukiangushwa na upepo, mambo hufuatana upesi. Huja mwenye msumeno, kisha huja mwenye tanuru la mkaa, na juma moja likipita hapabaki kitu ila kisiki na unga wa mbao.

Sisi tunaona kwamba haraka hiyo inatunyang'anya kitu. Mti wenye kumbukumbu za watu hauwi mali ya mwenye kiwanja peke yake. Kabla haujawa mbao au kuni, wenye kumbukumbu wanastahili kuulizwa. Na iwapo gogo lake laweza kuwa kazi ya sanaa ya jumuiya nzima, jumuiya ipewe nafasi hiyo. Lakini tunasema pia, na hapa ndipo ulipo uzito wa hoja yetu, kwamba si kila kinyago kilichochongwa kutokana na mti mashuhuri ni sanaa ya jumuiya. Kuna sanaa inayotazamwa na wengi, na kuna sanaa iliyotolewa na wengi. Tofauti ya hizo mbili tutaieleza kwa mifano mitatu, mmoja wa karibu nasi na miwili ya mbali.

Tuanze na ule wa karibu. Ndani ya Kanisa Kuu la Kristo la ndugu zetu Waanglikana, pale Mkunazini, Zanzibar, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, upo msalaba wa mti ambao wageni wengi huoneshwa. Mti wake ulitoka mbali sana, kijiji cha Chitambo katika nchi ambayo leo ni Zambia. Mwaka 1873 David Livingstone alifia hapo. Wenzake wa safari waliuzika moyo wake chini ya mti wa mpundu, mti ambao sisi Waswahili twauita mbura. Mmoja wao, Jacob Wainwright, aliyekuwa amekombolewa utumwani na kusomeshwa huko India, alichonga maandishi katika gome la mti ule: jina la marehemu, tarehe, na majina ya baadhi ya wenzake. Kisha msafara, ukiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, ukaubeba mwili kwa miezi mingi hadi pwani. Ulifika Bagamoyo mwezi Februari 1874, ukalazwa katika misheni yetu ya Mapadre wa Roho Mtakatifu kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar, na hatimaye London. Mwaka 1899 mti wenyewe ulikatwa. Kipande cha gogo chenye maandishi kilipelekwa London kwenye Chama cha Kifalme cha Jiografia, na kutokana na mbao zake ulipatikana ule msalaba wa Zanzibar.

Msalaba huo tunauheshimu, na mahali ulipo panafaa. Hata hivyo tukiutazama vizuri, tunaona jambo la kujifunza. Kazi ya kwanza ya sanaa katika mti ule ilifanywa na wale waliosimama chini yake wakilia. Wao ndio waliouchagua mti, wao ndio walioutia alama, na katika alama hiyo waliweka majina yao wenyewe karibu na la yule waliyemzika. Kazi zilizofuata zilifanywa na watu wengine, kwa uamuzi wa watu wengine, mbali na Chitambo. Mgeni anayeoneshwa msalaba ule husikia mara moja jina la Livingstone. Majina ya Wainwright, Susi na Chuma huyasikia tu akikutana na mwenye kumwelezea zaidi. Mti umehifadhika, lakini kumbukumbu imepungua njiani. Hilo ndilo hutokea mti unaposafiri bila wenyewe.

Mfano wa pili unatupeleka kwenye kisiwa kingine, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki. Ni kisiwa cha Galveston, katika jimbo la Texas, Marekani. Tarehe 8 Septemba 1900, siku ambayo Kanisa huadhimisha Kuzaliwa kwa Bikira Maria, tufani kubwa ilikipiga kisiwa hicho, na watu wasiopungua 6,000 wakafa. Miongoni mwao walikuwa watawa 10 wa Shirika la Masista wa Upendo wa Neno Aliyefanyika Mwili, pamoja na watoto yatima 90 waliokuwa wakilelewa nao katika nyumba iliyokuwa ufukweni. Maji yalipopanda, masista walijifunga pamoja na watoto kwa kamba za kuanikia nguo, kila mmoja na kundi lake, wasitengane. Hakuna sista aliyepona. Walipona wavulana watatu tu, na habari yao haisahauliki kisiwani: walijikuta wameng'ang'ania mti mmoja majini, wakaelea nao kwa zaidi ya siku nzima hadi wakaweza kufika mjini.

Baada ya msiba huo wakazi walijenga ukuta mrefu wa kuzuia bahari. Tena wakafanya kazi ambayo hata leo inashangaza, yaani kuuinua mji wenyewe. Nyumba ziliinuliwa kwa jeki, na mchanga uliochanganywa na maji ya bahari ukamwagwa chini yake mpaka ardhi ikapanda. Kazi hiyo ilianza mwaka 1903 na kuchukua miaka kadhaa. Mji ulipata usalama, lakini mchanga ule wenye chumvi uliua karibu kila mti na bustani uliyoifunika. Ndipo wanawake wa mji, waliokuwa wameunda chama chao mwaka 1901 kwa ajili ya afya na usafi, walipojitwika kazi ya kuotesha upya. Walipanda miti kwa maelfu, mialoni na mitende na vichaka vya maua. Mialoni ile iliyofunika barabara kwa vivuli, basi, haikuwa pambo tu. Ilikuwa jibu la watu waliofiwa. Kizazi kilichozika ndicho kilichopanda.

Miaka ikapita zaidi ya mia moja. Mwezi Septemba 2008 tufani iliyopewa jina la Ike ilikifunika kisiwa kwa maji ya bahari. Miti mingi haikuangushwa na upepo. Ilibaki imesimama, na watu wakadhani imepona. Lakini chumvi ilikuwa imeingia ardhini, na majira ya kuchipua yalipofika mwaka uliofuata, mialoni haikuvaa majani. Inakadiriwa kwamba miti ipatayo 40,000 ilikufa. Ikawa lazima ikatwe, maana mti mkavu kando ya barabara ni hatari kwa wapitao.

Hapo ndipo baadhi ya wakazi waliposhindwa kuvumilia. Walikuwa wamekulia chini ya miti ile. Wakawaomba wachongaji, akina Jim Phillips, Earl Jones na Dale Lewis, waje kuchonga visiki vikiwa bado vimesimama juu ya mizizi yake. Kwa misumeno ya injini na patasi, gogo moja likawa malaika, jingine korongo, jingine pomboo, jingine mbwa wa nyumba hiyo. Mbele ya mahali alipozaliwa mtengeneza filamu King Vidor, aliyeongoza sehemu ya filamu ya The Wizard of Oz, Phillips alichonga yule mtu wa bati wa katika hadithi hiyo. Leo wageni huzunguka mitaani wakivitazama. Miti mingine ilipata njia tofauti kabisa: magogo ya mialoni ya Galveston yalisafirishwa hadi makumbusho ya Mystic Seaport huko Connecticut, yakatumika kuifanyia ukarabati merikebu ya mwaka 1841 iitwayo Charles W. Morgan. Kwa mbao hizo za miti iliyouawa na maji ya bahari, merikebu hiyo ilirudi tena baharini mwaka 2014.

Wapendwa, katika mfano huu tunaona jambo ambalo msalaba wa Zanzibar haukuweza kutupa. Vinyago vya Galveston havikuhama. Vimesimama palepale mti uliposimama, na mtoto anayepita kwenda shule aweza kuvigusa na kuuliza, "Kwa nini kipo hapa?" Mwenye nyumba yupo, naye anaweza kujibu. Sanaa imebaki na wenyewe.

Lakini hata hapa tunasema kwa unyofu kwamba kuna upungufu. Sehemu kubwa ya vinyago hivyo iligharimiwa na wenye nyumba, kila mmoja kwa mfuko wake, na vingi vimo katika mitaa ya nyumba za kale zinazotembelewa na wageni. Mwenye uwezo wa kumwita mchongaji alipata malaika, na asiye na uwezo alikuja kuchukuliwa gogo lake na gari la kusomba taka. Je, mti wa maskini haukuwa na kumbukumbu? Hatuwalaumu waliochonga, maana walitenda wema kwa kile walichokuwa nacho, na uzuri walioufanya waliuacha wazi barabarani kwa kila mpita njia. Ila twaona kwamba uzuri wa namna hiyo hutazamwa na wote lakini hutolewa na wachache. Ili jumuiya nzima iseme "hiki ni chetu", ni lazima pawepo njia ya kila mtu kutia mkono wake.

Njia hiyo ilijaribiwa Uingereza, nao ndio mfano wetu wa tatu. Katika maandalizi ya sherehe za sanaa zilizoambatana na Michezo ya Olimpiki ya London ya mwaka 2012, wasanii wawili wanaojiita Lone Twin waliwaalika watu wa kusini mwa nchi hiyo walete kitu chochote cha mti chenye maana kwao. Masharti yalikuwa mawili tu: kiwe cha mti, na mwenye kukileta aeleze habari yake. Vililetwa vitu zaidi ya 1,200. Palikuwa na vya thamani, kama kipande cha gitaa la Jimi Hendrix na kipande cha meli ya kale ya kifalme Mary Rose. Na palikuwa na vidogo kabisa, kalamu za risasi, vijiti, vitu vya kuchezea, mabaki ya samani za wazazi waliokwisha kufa. Mafundi wa mashua waliviunganisha vyote katika mashua moja ya tanga, karibu na mji mdogo wa Emsworth, nayo ikashushwa majini mwezi Mei 2012. Kila habari iliandikwa ikahifadhiwa. Katika ubavu wa mashua hiyo kalamu ya mtoto imelala pamoja na gitaa la mtu mashuhuri, na zote mbili huzuia maji.

Twaomba mlifikiri hilo. Chomoa kipande kimoja, hata kama ni cha mtu asiyejulikana, nawe umetoboa chombo. Huo ndio mfano ulio wazi kuliko yote wa maana ya sanaa ya jumuiya. Uzuri wa mashua ile hautegemei ustadi wa fundi peke yake. Unategemea pia kwamba hakuna mwenye kipande aliyeachwa pwani.

Sasa turudi kwetu. Katika misheni zetu za kale imo miti iliyo na umri mkubwa kuliko majengo. Tunao mfano wa Bagamoyo, misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako njia ya miembe yamkaribisha mgeni, na mbuyu mkubwa umeumeza mnyororo ambao zamani ulitumika kufungia punda. Miti ya namna hiyo haitaishi milele. Ukame na uzee utaifikia, kama unavyoifikia miembe ya nyumbani kwetu na mikuyu ya vijijini. Swali si kama itakufa, bali kama siku hiyo itatukuta tumejiandaa, au itatukuta tukimwita mwenye tanuru.

Tunajua yako mapingamizi, na yanastahili jibu.

La kwanza hutoka kwa waamini wenye nia njema wanaoogopa kwamba kuuheshimu mti ni kurudia matambiko. Nabii Isaya, katika sura ya 44, anamcheka mtu anayekata mti, nusu akaokea mkate, na nusu iliyobaki akaichonga kuwa mungu na kuisujudia. Onyo hilo tunalipokea. Lakini Isaya anamcheka mtu anayeuomba mti umwokoe. Hamcheki anayeutazama mti akamkumbuka mama yake. Kukumbuka si kuabudu. Sisi wenyewe hutunza matawi ya Jumapili ya Matawi mwaka mzima, kisha huyachoma yawe majivu ya Jumatano ya Majivu. Hakuna anayeyasujudia, lakini pia hakuna anayeyafagia pamoja na takataka.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la umaskini. Kuni ni ghali, na mbao ni fedha. Je, si dhuluma kuchonga benchi la kumbukumbu ilhali mjane jirani hana cha kupikia? Jibu letu ni kwamba mti mkubwa hutosha mambo yote mawili. Matawi yake ni mengi kuliko gogo lake. Matawi yagawiwe kwa haki, tena yaanzie kwa yule mjane. Gogo libaki kwa ajili ya wote, pamoja naye. Na pengine tukimuuliza tutashangaa, maana mara nyingi maskini ndiye mwenye kumbukumbu nyingi kuliko wote chini ya mti ule. Ndiye aliyekaa kivulini pake akiuza karanga, ndiye aliyesubiri hapo foleni ya dawa, ndiye aliyejifungulia hapo mvua ilipomzuia njiani.

Pingamizi la tatu husema kwamba mti huoza, kwa hiyo kazi ni bure. Ni kweli kwamba mti huoza. Hata Galveston vinyago kadhaa vimekwisha kuliwa na unyevu na wadudu, vikaondolewa, na vilivyobaki vinahitaji kupakwa mafuta kila mara. Sisi hatuoni kwamba hilo ni hasara. Kazi isiyohitaji kutunzwa husahauliwa upesi. Ile inayopakwa mafuta kila mwaka huwalazimisha watu kukutana kila mwaka, na wakikutana husimuliana. Kinyago kikidumu kizazi kimoja tu, basi kimekipa kizazi hicho nafasi ya kusimulia, na hiyo yatosha.

Kwa msingi huo tunapendekeza utaratibu mwepesi ambao jumuiya ndogondogo zetu zaweza kuufuata bila gharama kubwa. Kwanza, mti ukionesha dalili za kufa, zichukuliwe mbegu zake au vikonyo vya kupandikiza wakati bado una uhai, ili mche wa ukoo uleule upandwe karibu na mahali pake. Ayubu alisema kwamba mti uliokatwa una tumaini la kuchipuka tena. Tulisaidie tumaini hilo kwa jembe na ndoo ya maji. Pili, kabla ya msumeno kuja, uwekwe mkutano chini ya mti wenyewe, na kila mwenye neno aseme: wazee, watoto, wasio wa dini yetu pia, kwani kivuli hakikuwabagua. Yupo kijana mwenye daftari, basi aandike. Maandishi hayo ni sehemu ya sanaa, wala si nyongeza yake. Bila hayo, wajukuu watarithi gogo lililochongwa wasijue ni la nini.

Tatu, jumuiya yenyewe ichague kitakachotengenezwa, na isidharau vitu vya kawaida. Benchi refu lililowekwa palepale mti uliposimama ni sanaa kamili, maana watu wataendelea kukaa walipokuwa wakikaa. Mlango, meza ya kusomea, ngoma, mimbari, vyote vyafaa. Vipande vidogo vitokane na matawi, kila kaya ipate chake, kijiko au mwiko au msalaba mdogo. Nne, aitwe fundi anayeujua mti, naye alipwe ujira wake kamili. Mchango wa kumbukumbu usiwe kisingizio cha kumpunja mwenye tezo. Fundi hodari atawaambia wasiharakishe. Gogo bichi hupasuka likichongwa na kuachwa juani; lipakwe rangi au nta kwenye ncha zake, liinuliwe kutoka ardhini, likauke kivulini kwa miezi mingi. Atawaambia pia kwamba mwembe hushambuliwa upesi na wadudu, ilhali mwarobaini huwakinza. Ujuzi huu upo vijijini, nao hufa pamoja na wazee wasioulizwa.

Tano, na hili tunalisisitiza, mti hai usikatwe kwa ajili ya sanaa ya namna hii. Tumekwisha kuona yaliyoupata mpingo, mti wa taifa la Tanzania, ambao huchukua miongo mingi kufikia unene wa kuchongwa. Wachongaji Wakamba wa Kenya, walioona mpingo na muhugu ukiadimika, wengi wao waligeukia mwarobaini, mwembe na mjakaranda, miti ipandwayo majumbani. Kama watu wanaoishi kwa tezo waliweza kubadilika, sisi tunaochonga mara moja kwa kizazi hatuna udhuru. Kumbukumbu inayohitaji kuua mti mzima ili ionekane si kumbukumbu, ni majivuno.

Wahenga walisema, mti hauendi ila kwa nyenzo. Gogo la mti mkubwa haliinuliwi na mtu mmoja, hata awe na nguvu za namna gani. Huwekewa magogo madogo chini yake, na watu wengi husukuma kwa sauti moja. Tunaona kwamba kazi yenyewe ya kulihamisha, kulikausha, kulichonga na kulitunza ni nusu ya sanaa. Ndugu wawili waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba, wakishika ncha mbili za msumeno mmoja, watalazimika kuvuta kwa zamu. Hatuahidi kwamba watapatana. Twasema tu kwamba mwenye tanuru la mkaa asingewapa hata nafasi hiyo.

Kwa hiyo tunawaachia maswali haya mkayazungumze katika jumuiya zenu juma hili. Ni mti gani katika mtaa wenu ambao watu wengi wana habari nao, na nani anazijua habari hizo zote? Je, zimeandikwa mahali popote? Mti huo ukianguka usiku wa leo, nani ataitwa kwanza kesho asubuhi: mwenye msumeno, au mzee anayejua nani aliupanda? Na kama jibu ni mwenye msumeno, nani kati yenu yu tayari kwenda kwa mzee huyo kabla ya Dominika ijayo, akiwa na daftari?